Tulilala Pangani

Msikilizaji wangu, leo nakuomba ujibane kidogo kwenye kiti cha nyuma cha gari letu, hapo kati ya mama yangu mzazi na kapu lake la ukindu, twende likizo pamoja. Hatuendi mbali. Tunakwenda Pangani.

Najua utauliza, Pangani kuna nini? Hata nyumbani kwangu swali lilikuwa hilohilo. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, shule zimefungwa, wanangu watatu wamekaa mkao wa kula wakisubiri wazazi watamke. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka kumi na mitano, alitaka Zanzibar. Wa katikati alitaka popote penye bwawa la kuogelea. Kitinda mimba alitaka kwenda alikokwenda rafiki yake, na alikokwenda huyo rafiki hakupajua. Mimi na baba yao tulikuwa tunapiga hesabu ya mafuta na vyumba. Ndipo mama yangu, aliyekuwa amekuja Dar es Salaam kutibiwa macho na sasa anataka kurudi kwake Muheza, akasema bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, "Mtanirudisha Muheza, sawa. Lakini huu mwaka wa arobaini sijaiona Pangani. Nipelekeni Pangani kwanza."

Basi, ikawa imekwisha.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Bagamoyo na Msata ili tukwepe foleni ya Kibaha na Chalinze. Wami, Mkata, Segera. Njia hiyo unaijua, sitakuchosha nayo. Pale Muheza tulisimama kidogo tu, tukanunua kiroba cha machungwa, maana Juni ndio msimu wake na chungwa la Muheza lina sifa zake. Kiroba hicho kikumbuke, kitarudi baadaye.

Tanga mjini nitapapita haraka, ingawa hapastahili kupitwa. Tulilala kwa binamu yangu Ngamiani, mitaa ile ambayo barabara zake zimepewa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, hata mtoto wa darasa la pili akipotea anahesabu tu ajue nyumbani ni upande gani. Unaujua msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Binamu yangu haukubali. Kwake yeye ni waja leo, kuondoka majaliwa, na asubuhi alitufichia ufunguo wa gari mpaka tulipomaliza vitumbua na supu ya pweza.

Naye ndiye aliyenipa neno ninalotaka kulisema leo. Tulipomwambia tutakwenda Pangani, tuone ufukwe, jioni turudi, alinitazama akasema, "Dada, Pangani si pa kwenda na kurudi. Mji mdogo ukiupita hukuuona. Laleni huko." Nilidhani ni ukarimu tu wa mwenyeji. Sasa nimelala, nimerudi, na nakuambia nikiwa na hakika: alisema kweli.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita hamsini. Hamsini tu, msikilizaji. Kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya vumbi na makorongo, na wengi waliiogopa kwa sababu hiyo. Siku hizi lami imeingia, na hapo ndipo penye hatari nyingine: unaweza kuzimaliza kilomita hizo hamsini kabla watoto hawajamaliza kugombania dirisha. Sisi zilituchukua siku nzima, na sijutii hata dakika moja.

Ukishatoka mjini, upande wa bahari, kuna Machui, na ndani yake Vibambani. Hapo ndipo alipozaliwa Shaaban Robert, tarehe 1 Januari 1909, na ndipo alipozikwa mwaka 1962. Binti yangu mkubwa amekutana naye darasani kwenye Adili na Nduguze na Kusadikika, na kwake alikuwa jina la kwenye jalada, mtu wa kuulizwa kwenye mtihani. Hakujua kwamba mtu huyo alikuwa mtumishi wa kawaida wa serikali ya kikoloni, karani wa forodha tangu mwaka 1926, na kwamba Pangani hiihii tunayokwenda ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vya kazi. Alihesabu mizigo ya watu mchana, akaandika usiku. Mume wangu alisoma Fatiha pale kaburini, watoto wakaitikia amina. Tulipopanda gari binti yangu aliuliza, "Kwa hiyo alikuwa anapita njia hii hii?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, huenda mara nyingi kuliko utakavyoipita wewe.

Mbele zaidi, yapata kilomita ishirini kutoka Tanga, ni Tongoni. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakahama. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi karne ya 14 na ya 15. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe uliobaki kuta, na makaburi yapatayo arobaini, mengi yakiwa ya nguzo, ule mtindo wa pwani yetu wa kumjengea mkubwa kaburi lenye mnara upande wa kichwani. Nguzo nyingi zimeanguka. Vipande vyake vimelala kwenye nyasi kama mapipa yaliyotelekezwa, na ukivikaribia unaona chokaa bado imeshika jiwe baada ya miaka mia sita hivi.

Hapo naomba twende polepole. Mwanangu mdogo, ambaye hakuja kutafuta historia, alikuwa akizunguka kaburi moja akipapasa. Ghafla akaita. Alikuwa ameona kishimo cha duara ukutani, kina kama cha sahani ya chai, akatia kiganja chake ndani, kikaenea sawasawa. Mzee aliyekuwa akituongoza akachuchumaa kando yake. "Hapo palikuwa na bakuli, mjukuu wangu. Bakuli la kauri, la kutoka ng'ambo. Waliwapambia marehemu wao."

"Liko wapi?"

"Wamelibandua."

"Nani?"

Mzee akafikiri kidogo. "Watu," akasema.

Mtoto hakuondoa mkono. Alikaa hivyo muda, kiganja ndani ya kishimo, kama anayemziba mtu kidonda. Nimetembea naye majumba mawili matatu ya makumbusho, ambako vitu viko nyuma ya kioo na kila mahali pameandikwa usiguse, na sijapata kumwona ametulia vile.

Watu wa Tongoni walifanya biashara na dunia kabla Mreno hajajua kwamba wapo. Mwenyeji wakati huo aliuita mji wake Mtang'ata. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498 akienda India, na mwezi Januari 1499 akirudi alifanya jambo ambalo watoto wangu walilisikiliza midomo wazi: aliichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, hapo baharini mbele ya Tongoni. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na watu wa kuiendesha. Mabaharia wake walikuwa wamekufa kwa wingi kwa kiseyeye, ugonjwa unaovimbisha fizi na kung'oa meno, na waliobaki hawakutosha meli tatu. Siku chache kabla ya hapo, walipotia nanga Malindi, kitu walichokitaka sana kwa ajili ya wagonjwa wao kilikuwa machungwa. Basi mama yangu, akiwa amekaa kwenye mzizi wa mti na kisu mkononi, akaacha kumenya. Akalitazama lile chungwa la Muheza. "Hili?" akauliza. Hilo, mama. Siku hizi tunasema ni vitamini C. Wale hawakulijua jina hilo. Watoto walimaliza nusu ya kiroba kabla hatujaondoka.

Tukakaribia Kigombe, gurudumu la nyuma likatoboka. Pancha njiani ni balaa ukiwa na haraka, sisi hatukuwa nayo. Vijana wawili wa kijijini walikuja bila kuitwa wakamsaidia mume wangu na jeki, na sisi wengine tukakaribishwa kwenye kivuli cha mkungu alipokuwa mvuvi mmoja mzee akitengeneza jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kuvulia papa na samaki wa kina kirefu.

"Shikamoo babu," watoto wakasema.

"Marahaba, marahaba. Mmekuja kumwona samaki wetu?"

Samaki yupi? Ndipo tuliposimuliwa habari ya silikanti. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wameamini samaki huyo ametoweka tangu enzi za majitu yale ya kale, dinosaria, miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Wakamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Halafu Desemba 1938 akanaswa mmoja Afrika Kusini, akaonwa na mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, na dunia ikashangaa. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2004, majarife ya wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani yakaanza kuwaleta juu, mmoja baada ya mwingine, makumi. Samaki mkubwa wa buluu iliyokoza mwenye madoa meupe, na mapezi yenye minofu kama miguu mifupi. Nyama yake haina ladha, imejaa mafuta, haiuziki. Kwa mvuvi ilikuwa hasara tupu, wavu umechanika na kitoweo hakuna. Kwa elimu ya viumbe ilikuwa hazina. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia karibu na mji wa Tanga ikishuka kusini kwenye pwani hiyo.

Mzee yule alisema jambo moja ambalo nimelibeba. Alisema hifadhi ni nzuri, lakini mvuvi naye ni kiumbe wa pwani hiyo, ahifadhiwe. Akikatazwa jarife, apewe njia nyingine ya kulisha watoto. Sikuwa na la kumjibu. Naliweka hapa hewani kwa sababu aliniomba nikifika mjini niliseme.

Gurudumu likawa tayari. Tukaingia Pangani jua likiwa limeinama.

Sasa nikueleze ulivyo mji wenyewe. Bahari iko mbele yako, mto uko kulia kwako, na nyumba za zamani zimejipanga kati ya hivyo viwili: za Waarabu zenye milango ya nakshi, za Wahindi zenye baraza mbele, za Wajerumani zenye kuta nene. Nyingi zimechakaa. Kuna paa zimeingia ndani, na mitini imeota kwenye kuta ikizipasua taratibu. Boma la Pangani bado limesimama. Hakuna kelele. Baiskeli, wanawake na khanga zao, harufu ya dagaa wanaokaangwa, na minazi, minazi, minazi. Tulipata vyumba viwili katika nyumba ya wageni karibu na mto, safi, bei ya kibinadamu, na mama lishe wa jirani akatupikia wali wa nazi na mchuzi wa papa kana kwamba tulimpa taarifa wiki nzima kabla.

Asubuhi tulitembea. Kijana mwenyeji alituongoza, akatufikisha mahali ambapo binti yangu mkubwa alikutana na somo lake la historia uso kwa uso.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekodishwa pwani na Sultani Khalifa wa Zanzibar, ilimweka Pangani mtu wake, Emil von Zelewski. Watu wa Pangani walimtazama siku chache wakampa jina: Nyundo. Nyundo alitaka bendera ya kampuni ipepee mjini na amri zake zifuatwe. Pangani ikakataa. Na kukataa kwa mji huu mdogo kukawasha pwani nzima, Tanga kaskazini mpaka Lindi kusini. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa hapo karibu, akawa kiongozi. Bwana Heri akasimama upande wa Saadani. Kampuni ikazidiwa, Ujerumani ikalazimika kumleta Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Vita vikaendelea zaidi ya mwaka. Abushiri alisalitiwa, akakamatwa, akaletwa Pangani, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Yote hayo binti yangu alikuwa ameyasoma. Lakini alikuwa ameyasoma kama orodha. Kijana yule alipoongeza kwamba Nyundo hakuishia hapo, kwamba ni yeye huyohuyo aliyeongoza kikosi cha Wajerumani kwenda kwa Wahehe, na kwamba mashujaa wa Mkwawa walikiangamiza Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na Nyundo akafia huko, mtoto alisimama katikati ya njia. "Mama, ina maana ni mtu yuleyule?" Ndiyo, yuleyule. "Mbona hawakutuambia?" Kitabuni Pangani ilikuwa sura moja na Lugalo sura nyingine. Hapa, amesimama kwenye mchanga wa mto, alizishona mwenyewe zikawa kitambaa kimoja. Jioni nilimweleza kwamba Shehe Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hiihii, aliyaandika mambo hayo yakiwa bado ya moto, kwenye Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Amenitaka nimtafutie. Nimemtafutia.

Siku ya pili ilikuwa ya mama yangu. Alivaa khanga mpya, akasema, "Sasa nivusheni."

Kuvuka ni kwa pantoni. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na mto hapo ni mpana, maji ya kahawia yanakutana na ya chumvi. Maji hayo yametoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakalala Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, mwendo wa kilomita kama 500 mpaka hapo. Kwenye pantoni hakuna mkubwa wala mdogo. Lori la nazi, bodaboda tano, mwalimu na madaftari yake, mwanamke na ndoo ya samaki iliyofunikwa kwa majani, mbuzi wawili, sisi. Ukiingia unasalimia. Mama alisalimia wote, na kabla hatujafika katikati ya mto alikuwa tayari amegundua kwamba mwenye ndoo ni mjukuu wa mtu aliyekuwa akimjua. Wakashikana mikono mpaka ng'ambo.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa manamba. Alitoka Songea akaletwa kwa mkataba kukata mkonge, kama maelfu ya wanaume wa nchi hii na wa nchi jirani. Mkononi alikuwa na kipande, ile kadi ya kuhesabiwa siku za kazi. Mama alizaliwa kambini, upande huo wa Bweni. Na mkonge wenyewe, msikilizaji, ulianzia hapo. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Njiani ilikufa karibu yote. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo hiyo ya Pangani. Kutoka miche 62 yalitokea mashamba yaliyojaza Tanga, Korogwe, Muheza mpaka Kilosa na Lindi, na wakati wa Uhuru Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Kisha ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka vichaka.

Tulisimamisha gari penye mikonge michache iliyobaki pembeni mwa njia. Mama akaomba kisu, akakata jani moja kwa pigo moja, akalilaza kwenye jiwe na kuanza kuliparua kwa mgongo wa kisu. Ule utomvu wa kijani unawasha, akawaambia watoto wasiguse. Aliparua kwa subira, akageuza, akaparua tena, mpaka nyama ya jani ikatoka yote na mkononi mwake zikabaki singa, nyeupe, ndefu, zinang'aa. Akazipunga hewani zikauke. Akaketi, akakunja khanga, akaziweka juu ya goti na kuanza kupota, kiganja kikienda na kurudi, singa mbili zinakuwa moja, moja inaongezwa nyingine. Macho yake, ambayo daktari alisema bado hayajakaa sawa, hayakuwa yakitazama. Vidole vilikuwa vinajua. Robo saa baadaye alikuwa na kamba ya urefu wa dhiraa mbili, akampa mjukuu wake wa katikati, yule wa bwawa la kuogelea. "Ivute," akasema. Mtoto akavuta kwa nguvu zake zote. Haikukatika.

"Babu yenu alikuwa anakata majani, anafunga matita, thelathini thelathini, tangu alfajiri. Hii ndiyo kazi iliyonisomesha." Hakuongeza lingine. Tulikaa pale mpaka alipotaka mwenyewe kuinuka.

Tulitaka pia kwenda kisiwa cha Maziwe. Nahodha alitazama bahari, kusi lilikuwa limechachamaa, akakataa kutupakia, na namshukuru kwa hilo. Badala yake alitueleza. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje mirefu, kasa walipanda hapo kutaga kwa wingi, na mwaka 1975 kikafanywa hifadhi. Bahari ikaendelea kula mchanga, miti ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikubaki hata mti. Leo ni fungu la mchanga: maji yakitoka unaliona, maji yakijaa halipo. Wapo watu wa Ushongo wanaoyahamisha mayai ya kasa kuyapeleka ufukweni penye usalama, kwa sababu kasa bado anarudi kutaga pale alipojua pana kisiwa. Mwanangu mdogo aliuliza nani anamwambia kasa kwamba kisiwa hakipo. Nahodha akasema hakuna.

Msikilizaji, nimekupitisha kote huko ili nifike hapa. Juu ya mto ule linajengwa daraja, mita 525, ni sehemu ya barabara ya lami itakayotoka Tanga, ipite Pangani, Mkwaja na Saadani mpaka Bagamoyo. Ni jambo jema, nalisema bila kigugumizi. Mama mjamzito wa Bweni aliyeshikwa na uchungu usiku hapaswi kusubiri pantoni. Lori la nazi halipaswi kuozesha mzigo kwenye foleni. Lakini siku daraja litakapofunguliwa, msafiri wa Dar atavuka Pangani kwa dakika moja, madirisha yamefungwa, na mji uliowakatalia Wajerumani utakuwa kitu kinachopita pembeni mwa gari. Mama lishe wetu hatamwona. Kijana aliyemsimulia binti yangu habari za Nyundo hatakuwa na wa kumsimulia. Nyumba zile za baraza hazitapata mtu wa kuuliza habari zake, na nyumba isiyoulizwa hubomoka haraka.

Kwa hiyo nina ombi, na nalitoa kwa wenye madaraka na kwako wewe pia. Kwa wenye madaraka: mnapojenga barabara, jengeni na pa kusimama. Kibao cha Tongoni kionekane, kituo cha mapumziko kiwe Kigombe na Pangani, vijana waongozaji wafunzwe, nguzo zilizobaki zisiachwe zianguke. Na kwako, mzazi mwenzangu: likizo ijayo, kabla hujalipia hoteli ambako watoto watarudi na picha za bwawa, tenga siku tatu. Chukua bibi yao, kama Mungu amekujalia bado yupo, maana bila mama yangu sisi tungeona minazi tu. Mpeleke kwenye mji mdogo anaoujua yeye. Wa kwetu ni Pangani, wa kwenu unaweza kuwa Kilwa Kivinje, Mikindani, Lamu au Ujiji.

Usiende kurudi jioni. Lala.